Miradi Arobaini ya Wanaoanza

Orodha ilikuwa na miradi arobaini, na juu yake iliandikwa kwamba yote ni ya watoto wanaoanza kabisa. Niliipokea kwa simu siku ya Jumatatu, nikiwa nimesimama kwenye kibanda cha wifi yangu sokoni Garsen, namngoja amalize kunipunguzia sketi. Aliyeituma alikuwa mratibu wa shirika moja la Nairobi, lililokuwa limetuletea kompyuta kumi ndogo, zile zinazoenea kwenye kiganja cha mkono, pamoja na mifuko ya waya, taa na vitufe. Hazikupita dakika mbili akapiga.

"Mwalimu, chagua mitatu tu," akasema. "Watoto ishirini, siku tano, likizo ya Agosti. Nitumie majina ya miradi mwisho Ijumaa."

"Wewe umejaribu wowote kati ya hii?"

"Yote ni rahisi, mwalimu. Imeandikwa hapo juu."

Mimi nafundisha kompyuta katika shule ya upili ya kutwa. Kompyuta hizi ndogo nilizianza nikiwa chuoni Mombasa, na nilizipenda kama wengine wanavyopenda kufuma vitambaa: unakaa nayo baada ya kazi, unaunganisha kitu, kinawaka, unafurahi peke yako. Kwa hiyo nilikubali kazi ile kwa moyo mweupe. Nilidhani kuchagua miradi mitatu ni kazi ya jioni moja. Ilinilia wiki nzima, na ikanichosha kuliko kusahihisha mitihani.

Mradi wa kwanza ulianza kwa kusema: chukua televisheni ya zamani mliyo nayo nyumbani. Wa pili ulitaka upakue faili ambayo kwa mtandao wetu ingechukua kutwa, na isimalize. Ulikuwapo wa kioo kinachokusomea habari unapochana nywele. Ulikuwapo wa kamera ya kupiga picha ndege wanaokuja bustanini. Ulikuwapo wa kengele ya mlango wa mbele, na mimi nikawafikiria watoto ninaowajua, ambao kwao mgeni anasimama uani na kubisha hodi kwa mdomo. Mmoja ulinipa matumaini kwa sababu uliahidi hatua tano tu. Nikafuata ya kwanza, ya pili. Ya tatu ilisema: sasa weka mipangilio kama kawaida. Kawaida ya nani? Nikaitupa simu kitandani. Neno lililoniudhi zaidi katika orodha nzima lilikuwa hilo "tu". Kila mahali palipoandikwa "tu", hapo ndipo palipofichwa saa tatu za mateso.

Mwenzangu katika kazi hii alikuwa mwalimu wa hisabati wa shule yetu. Alikulia Bura, kwenye mradi wa umwagiliaji, akifungua na kufunga maji ya mfereji na baba yake, na aliamini kwamba mtoto hujifunza kwa kitu kinachokwenda. Alitaka roboti, kigari kinachofuata mstari mweusi sakafuni. Tulibishana kwenye chumba cha walimu.

"Watoto wanataka kitu kinachotembea," akasema.

"Watoto wanataka kitu kinachomalizika."

"Utawachosha na vitaa vyako."

"Hiyo roboti ina vipande vingapi?"

"Arobaini na kitu."

"Na vikipotea viwili siku ya kwanza?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Akachukua helmeti yake ya pikipiki akatoka, na kwa siku mbili tukawa tunasalimiana kama watu waliokutana foleni ya benki.

Jumatano nikaamua kuacha kukisia. Nilihitaji mtu mwenye akili timamu asiyejua kompyuta hata chembe, na wa karibu alikuwa wifi yangu. Watoto shuleni wakiniuliza wifi iko wapi, huwa nawajibu yuko sokoni anashona, na hawajachoka kucheka. Ni dada mkubwa wa mume wangu, fundi wa cherehani, mtu wa maneno machache na miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimpelekea mradi wa taa za barabarani: nyekundu, njano na kijani, zinawaka kwa zamu. Ndio uliokuwa mfupi kuliko yote niliyoijaribu.

Waya aliziunganisha upesi kuliko mimi. Vidole vyake vimezoea tundu la sindano. Kisha akaanza kuandika programu, herufi moja moja, akisoma kwenye karatasi niliyomchapia. Alipomaliza akabonyeza, na skrini ikatoa mstari mwekundu wa Kiingereza.

"Inasemaje?" akaniuliza.

"Inasema kuna kosa mstari wa kumi na mbili."

Akavua miwani, akaipangusa, akausoma mstari wa kumi na mbili mara tatu, akilinganisha na karatasi. "Huu hauna kosa."

"Kosa liko wa kumi na moja. Umesahau kufunga mabano."

"Sasa kwa nini iseme kumi na mbili?"

Nikamweleza kwamba mashine ilikuwa inangoja mabano yafungwe, ikapita mstari wa kumi na moja, na iliposhtuka ilikuwa tayari iko wa kumi na mbili. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaisukuma kibodi kando na kuvuta kitambaa chake.

"Wifi, mimi msichana akija kujifunza kwangu, siku ya kwanza simpi gauni. Nampa kipande cha shuka la zamani, apige mshono mmoja kwenda, mmoja kurudi. Akikosea anaona mwenyewe alipokosea. Hii yako inamwambia mtu uongo."

"Si uongo."

"Basi iite jina lingine. Mimi nina sare za watu hapa."

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Miaka minne chuoni, kisha mtu anifundishe kazi yangu kwa mfano wa shuka la zamani. Alikuwa na haki, na mimi nilijua kwamba ana haki, na bado Ijumaa nilimtumia mratibu majina matatu: taa za barabarani, kituo cha hali ya hewa, na mchezo wa nyoka kwenye skrini. Niliona aibu kumtumia kitu kidogo zaidi. Niliogopa atadhani watu wa Garsen hatuwezi.

Agosti ikafika. Tulipewa darasa kwenye shule ya msingi, lenye madirisha ya waya na vumbi la barabara likiingia kila lori lilipopita. Watoto walikuja ishirini kamili, wa miaka tisa hadi kumi na tatu. Wengine ni Wapokomo wa kandokando ya mto, wengine Waorma kutoka upande wa malisho, Wagiriama wachache, Wasomali wawili. Kiswahili chao kilitofautiana, lakini kilitosha. Mwalimu wa hisabati alikuja pia, bila roboti, na sikumsikia kulalamika. Tukawakalisha wawili wawili kwa kila kompyuta.

Jumatatu, mpaka saa nne na nusu hakuna taa hata moja iliyokuwa imewaka. Nilikuwa nakimbia kutoka meza hadi meza nikitafuta mabano. Watoto walikuwa wameinua mikono, wanangoja, na mtoto akingoja sana huanza kuchomoa waya aone itakuwaje. Ndipo stima ikapotea. Iliporudi, kompyuta mbili zilikataa kuwaka. Memori kadi zao zilikuwa zimeharibika kwa kuzimwa ghafla, na skrini ikabaki nyeusi na maandishi meupe yanayojirudia. Ukurasa ule wa miradi rahisi haukutaja stima kupotea hata mara moja. Aliyeuandika labda hajawahi kuiona ikipotea.

Katikati ya hayo, msichana mmoja wa Kiorma, mwembamba, mtandio wa bluu, akaniinulia mkono. Yeye na mwenzake walikuwa wamefaulu, wa kwanza darasani. Taa zao tatu zilikuwa zinawaka kwa zamu.

"Mwalimu, taa hii inazuia nani?"

"Inazuia magari. Nyekundu ikiwaka, gari linasimama."

Akafikiri. Kule kwenye njia panda ya Garsen, barabara ya Lamu inapoachana na ya Malindi, hakuna taa. Kuna matuta, na kizuizi cha polisi. "Na ng'ombe wakifika, watasimama?"

Nyuma yangu mtoto mwingine alikuwa anaita, na mwingine alikuwa ameingiza waya mahali pabaya, nasikia harufu ya plastiki.

"Hayo maswali si ya leo," nikamwambia. "Wewe fuata karatasi."

Sikupaza sauti, lakini nilisema kwa ukali, na alinisikia. Akainama, akaanza kuzifungua waya zake moja baada ya nyingine, akazipanga mezani.

Jumanne hakuja. Sikuliwaza sana, kwa sababu Jumanne ilikuwa na balaa lake. Kituo cha hali ya hewa kilihitaji kipande cha programu kinachopatikana mtandaoni, jambo ambalo karatasi ililitaja kwa mstari mmoja mwishoni. Nyumbani nilikuwa nimeshakiweka kwenye kompyuta yangu zamani, nikasahau. Tukawasha intaneti ya simu yangu na kompyuta nane zikaanza kuigombania. Watoto walikaa wakitazama mstari wa kijani ukitambaa kwenye skrini. Mwalimu wa hisabati aliwatoa nje wakacheze mpira. Jumatano asubuhi tukaendelea kungoja. Kufikia saa sita vituo viwili vilisoma joto, na kimoja kati ya hivyo kilisema Garsen kuna baridi ya kuganda.

"Hicho kimeshakwenda likizo nchi ya baridi," mwalimu wa hisabati akasema. Nilimwomba aninyamazie kidogo.

Aliyekuwa akikaa meza moja na yule msichana wa Kiorma alikuwa msichana wa Kipokomo kutoka Idsowe, aliyekuja kukaa kwa shangazi yake kwa ajili ya mafunzo. Alikuwa amekaa peke yake siku mbili. Nikamuuliza rafiki yake yuko wapi.

"Amesema hatakuja. Amesema mwalimu hataki kuulizwa."

Alasiri hiyo nilikwenda kwao kwa miguu. Ni mwisho wa mji, ukipita vichaka vya miiba vya mathenge, nyumba chache za mviringo na moja ya mabati. Mama yake alikuwa anaosha vyombo vya maziwa. Alinikaribisha kwenye mkeka na kunipa chai kabla ya kuuliza nilichofuata. Nilipomweleza, hakuonyesha kushangaa.

"Alirudi akasema kule ni kufuata karatasi tu," akasema. "Nikamwambia basi, kama ni kufuata tu, hata ndama wanataka mtu wa kuwafuata. Akaenda kwa ndama."

Nikaweka kikombe mkekani. Msichana alipofika, na fimbo yake mkononi, akasimama mbali kidogo.

"Nilikujibu vibaya juzi," nikamwambia. "Nilikuwa nimechoka, lakini si kosa lako. Swali lako lilikuwa zuri."

"Ng'ombe hawasimami," akasema.

"Hawasimami."

"Na madereva?"

"Wengine."

Mama yake akacheka, na yeye akamtazama mama yake kuona kama anaruhusiwa kucheka pia.

"Kesho kuna nini?" mama akaniuliza.

Ratiba ilisema mchezo wa nyoka, mistari themanini ya programu. Nikamwambia kesho kuna kitu kidogo, na wakati ule sikujua ni kitu gani.

Njiani nikawa najitukana. Nilikuwa na mfuko mzima wa vitufe ambavyo hakuna mradi wetu uliovigusa. Jioni, kabla sijapika, nikaandika kitu cha mistari tisa: vitufe viwili, taa moja, king'ora kimoja kidogo. Taa inawaka baada ya muda usioujua, watoto wawili wanashindana kubonyeza, na skrini inasema nani ametangulia, wa kushoto au wa kulia. Asubuhi na mapema nikampitia wifi yangu na kompyuta yangu ya kupakata na moja ya zile ndogo. Hakutaka. Nikambembeleza. Akaandika mistari tisa, akakosea mmoja, akauona mwenyewe. Kisha akamwita mteja aliyekuja kuchukua sare, wakaanza kushindana, na nilipoondoka bado walikuwa wanabonyeza na sare iko begani.

Alhamisi darasa lilikuwa na kelele ambayo sijaisikia tena. Kabla ya saa nne kila meza ilikuwa imemaliza. Mwalimu wa hisabati akachora mashindano ubaoni, nani na nani, na washindi wakutane. Alikuwa na furaha ya kunionyesha kwamba watoto wanapenda kitu chenye vurugu, na nikamkubalia. Nilikaa kwenye kiti kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Yule msichana alikuwa amerudi. Alicheza raundi chache, kisha akaacha, akawa anazunguka meza za wengine akitazama. Nikadhani amechoshwa. Nikaanza kukasirika tena, nafikiri hata hiki hakimtoshi. Akaja akasimama kando yangu.

"Mwalimu, wa kushoto anashinda sana."

"Labda wa kushoto ni wepesi."

"Wakibadilishana viti, bado ni wa kushoto."

Nilitaka kumwambia arudi mezani. Maneno yalikuwa yamefika mdomoni. Nikanyanyuka badala yake. Tukawaita watoto wawili, wakacheza, na mwalimu wa hisabati akaweka alama ubaoni. Wakabadilishana viti, wakacheza tena. Wa kushoto alishinda karibu kila mara.

Nikarudi kwenye mistari yangu tisa na kuona nilichofanya. Programu ilikuwa inamuuliza wa kushoto kwanza: umebonyeza? Kisha wa kulia. Kisha inapumzika kidogo sana, sehemu ya sekunde, na kuanza upya. Wote wawili wakibonyeza wakati imepumzika, ikiamka inamuuliza wa kushoto, anasema ndiyo, mchezo umekwisha. Wa kulia hata akiwa ametangulia, haulizwi. Hayo mapumziko nilikuwa nimeyanakili kutoka mradi mwingine bila kuyafikiria.

Nikawaeleza darasa zima. Waliokuwa wameshindwa upande wa kulia walinitazama kama nimewaibia.

"Nani aliiambia ianze na kushoto?" msichana akauliza.

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Niliandika tu," nikajibu.

Yeye na mwenzake wa Idsowe walikaa nami hadi saa saba wakitafuta njia ya kuifanya ibadilishe zamu, mara ianze kushoto, mara kulia. Mistari ikawa kumi na saba, na ujumbe mwekundu ulitokea kila dakika, ukitaja mstari usio na kosa. Walishajifunza kutazama mstari wa juu yake. Ilipokubali, walicheza mara moja tu kuhakikisha, wakaenda kula. Darasa lililobaki halikujali programu yao. Walishaamua kubadilishana viti kila raundi, na hilo liliwatosha.

Ijumaa mratibu alifika kutoka Nairobi na kamera na fomu. Alikuwa kijana mwenye adabu, na aliwasalimia wazazi wote waliokuja kuona, mmoja mmoja. Kisha akanivuta pembeni.

"Miradi iliyokamilika ni mingapi, mwalimu?"

"Mmoja."

"Fomu ina nafasi ya mitatu."

"Andika mmoja."

Nikampeleka kuona vitufe. Nikamweleza habari ya kushoto na kulia, na yale wasichana wawili waliyogundua, na nilieleza kwa shauku nisiyoizoea. Alisikiliza akiwa anatazama fomu.

"Lakini huu haumo kwenye orodha," akasema. "Na kwenye picha hauonekani vizuri. Ni vitufe tu."

Hilo "tu" tena. Akaniomba nitoe vituo vya hali ya hewa vipangwe juu ya meza, watoto wakae nyuma yake. Nikamwambia karibu vyote havifanyi kazi. Akasema si neno, kwa picha haidhuru. Nilitazama upande wa mwalimu wa hisabati, naye akatazama dirishani. Nikavitoa. Mpaka leo najilaumu kwa kuvitoa. Wale wasichana wawili waliwekwa mbele kwa sababu ya mitandio yao ya rangi, nyuma ya kile kituo kinachosema Garsen inaganda.

Mwezi wa kumi nilimwandikia mratibu barua ndefu. Nilimweleza kwamba mradi wa mtoto anayeanza unafaa kumalizika kabla ya stima kupotea, usihitaji mtandao, na kosa lake lionekane kwa macho. Nilipendekeza miwili, yote midogo, yote nimeijaribu kwa wifi yangu. Jibu lilikuja na shukrani nyingi na orodha mpya. Miradi sasa ni sitini. Kuhusu likizo ya Disemba, wamesema tarehe bado zinajadiliwa, na kwamba safari hii ofisi itatuchagulia yenyewe ili kutupunguzia kazi.

Wiki iliyopita nilikutana na mama wa yule msichana sokoni, anauza maziwa. Tuliulizana habari za nyumbani, akanijazia chupa, kisha akaniuliza mafunzo ni lini, kwa sababu mtoto anauliza kila siku na wanataka kujua kama watamwacha mjini wakati wengine wanahama na mifugo.

"Sijui, mama," nikamwambia. "Hawajaniambia."

"Wewe si ndiye mwalimu?"

"Ndimi."

Akanitazama kidogo, akafunika mtungi wake. Akanitajia namba yake ya simu polepole, tarakimu moja moja, akahakikisha nimeiandika yote.